Kabla hujamnunulia kijana ndege, mtafutie klabu

Nenda ufukweni Jumamosi jioni, pitia uwanja wa mpira wa mtaani, hudhuria harusi ya bustanini: siku hizi hukosi kumkuta kijana ameshika rimoti kwa mikono miwili, kidevu juu, na hewani kuna kitu kinanguruma. Pengine ni droni ya kupigia picha, pengine ni ndege hasa, yenye mabawa na mkia. Watoto wanakimbizana nayo, mama wa maandazi anaitazama huku amekinga macho kwa kiganja, wanaume wameacha mazungumzo. Wote wanafurahi. Ninachokiona kila mara, na kinachonikosesha raha, ni kwamba yule kijana yuko peke yake. Hana wa kumwambia upepo umegeuka. Hana wa kuwazuia watoto wasiingie chini ya ndege. Amefungua boksi, amesoma nusu ya karatasi ya maelekezo, akaja.

Naweka msimamo wangu mapema. Ndege ya rimoti si chombo cha kujifunzia peke yako. Mzazi anayetaka kumnunulia mwanawe ndege aanze na klabu, ndege ifuate. Mahali pasipo na klabu, watu watano au sita wenye hamu hiyo waianzishe kabla hata mmoja wao hajalipia boksi dukani. Sisemi hivi kwa kuuogopa mchezo huu. Naupenda, na ningependa uote mizizi kwetu kabla haujapigwa marufuku kwa makosa ya wachache.

Picha ya kwenye boksi

Kwenye boksi kuna picha ya mtoto anayecheka, ndiyo maana wazazi wengi huiweka ndege hii kundi moja na gari la betri la kuchezea sebuleni. Hebu tupige hesabu. Ndege ya kilo mbili ikiruka mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, hugonga kwa nguvu ileile ya jiwe la kilo mbili lililodondoshwa kutoka paa la jengo la ghorofa sita. Nani angekubali mwanawe asimame chini ya jiwe hilo?

Nguvu nyingine iko puani. Pangaboi la inchi 10 likizunguka mara 9,000 kwa dakika, ncha zake hukata hewa kwa kasi inayozidi kilomita 400 kwa saa. Macho hayalioni, kinachoonekana ni duara la ukungu tu. Halafu mota ya umeme ina tabia ambayo wengi hawaijui. Injini ndogo ya mafuta ikizuiwa inaweza kuzimika, lakini mota ya umeme ikikutana na kidole huvuta umeme zaidi na kuendelea kusukuma. Wala haitoi onyo. Ndege imetulia mezani, betri imeshaunganishwa, mkono wa shati unagusa kijiti cha rimoti, na pangaboi linaamka katikati ya watu.

Mwezi Septemba 2013, katika bustani ya umma huko Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliuawa na mapanga ya helikopta yake mwenyewe ya rimoti. Hakuwa mgeni katika mchezo huu. Alikuwa stadi, mtu wa kuifanyisha helikopta sarakasi angani huku wenzake wakimshangilia. Nakitaja kifo hicho kwa heshima, kwa sababu kinafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba hata uzoefu na wenzako wa uwanjani havifuti hatari yote, na kwamba asiye na uzoefu wala wenzake amejiweka mahali pabaya zaidi.

Kisha kuna betri, na hapa ningeomba kina mama na kina baba wasome polepole. Nyingi ya betri hizi ni za lithiamu zenye ganda laini, ambazo wapenzi wa mchezo huziita lipo. Seli moja ikijaa ina volti 4.2. Ikishuka chini ya volti 3 inaharibika. Ikizidishwa chaji, au ikiwa imepondeka ndege ilipoanguka, inaweza kuvimba, kutoa moshi na kuwaka moto mkali usiozimika kirahisi. Ikikaa siku kadhaa bila kutumika inatakiwa iachwe na takriban volti 3.8 kwa kila seli, si imejaa, si imekwisha. Nani amemweleza haya kijana aliyeiacha ikichaji usiku kucha chini ya kitanda, na wadogo zake wamelala ndani ya chandarua kilekile? Nyumba zetu tunazijua: chumba kimoja cha watoto, godoro la sponji, pazia, mlango mmoja wa kutokea, na dirisha lenye nondo. Moto ukianza humo hakuna mjadala wa kwamba ulikuwa mchezo.

Betri ya namna hii huchajiwa juu ya saruji au tofali, mbali na godoro na pazia, kwa chaja yake yenyewe inayosawazisha seli, ndoo ya mchanga mkavu ikiwa karibu na mtu mzima akiwa macho chumbani humo. Iliyovimba haichajiwi tena, hata kama ilinunuliwa jana. Ni maneno machache, lakini hayamo kwenye picha ya boksi, na aliyeuza boksi mara nyingi hayajui. Klabuni huyasikia siku ya kwanza, kabla hajaigusa ndege.

Uwanja wenye mistari

Ukifika kwenye uwanja wa klabu iliyojipanga, cha kwanza utakachokiona ni mipaka. Magari yana mahali pake. Ndege huunganishwa na kukaguliwa mahali pake, pua zikielekezwa mbali na watu. Mbele ya hapo kuna mstari wa marubani, na mbele ya marubani kuna njia ya kurukia. Watazamaji wako nyuma ya yote. Ndege huruka upande mmoja tu, mbele ya mstari, na hakuna ruhusa ya kuivusha nyuma, hata iwe kwa kupunga mkono mara moja kumfurahisha shangazi aliyekuja kutazama.

Marubani husimama karibukaribu ili wasikilizane. Anayetaka kuruka hupaza sauti, anayetaka kutua hupaza sauti, na ambaye mota imemzimikia angani hupaza zaidi ya wote, kwa sababu huyo hana hiari: ndege yake itashuka sasa hivi, njia iwe wazi isiwe. Wengine humpisha bila kuuliza. Ndiyo maana wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Jicho linalofuata ndege angani haliwezi wakati huohuo kumwona mtoto anayeokota mpira kwenye njia ya kutulia. Lazima awepo mwingine wa kumwona.

Kabla ya kuruka kuna ukaguzi, na ukaguzi una mpangilio wake. Rimoti huwashwa kwanza, ndege ndiyo ifuate. Wakati wa kuzima, ndege huzimwa kwanza na rimoti mwisho, ili isipite hata sekunde moja ambayo ndege ina umeme lakini haina bwana. Rimoti nyingi zina hali maalumu ya kupunguza nguvu ya mawimbi: mtu huiweka katika hali hiyo, akatembea hatua 30 hivi kutoka kwenye ndege, mwenzake akatazama kama mkia na mabawa bado yanatii. Kisha ndege hushikiliwa imara na rimoti ikazimwa makusudi, kuhakikisha kwamba mawasiliano yakikatika mota husimama. Ndege isiyopita jaribio hilo hairuki siku hiyo, hata mwenyewe awe amesafiri kutoka mkoa wa pili.

Linalofuata linaonekana dogo, lakini ndilo lililozika ndege nyingi mpya. Ukisukuma kijiti kulia, kipande kinachocheza kwenye ukingo wa nyuma wa bawa la kulia kinapaswa kuinuka, na cha kushoto kushuka. Waya zikiunganishwa kinyume, ndege itaruka, itainama kidogo kushoto, rubani atasukuma kulia kuisahihisha, nayo itazidi kwenda kushoto mpaka ardhini. Uzito nao una mahali pake: ukiinyanyua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, inatakiwa ikae sawa pale vidole vinapokuwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Betri ikisogezwa nyuma kupita kiasi, mkia unakuwa mzito na ndege haitawaliki tena. Anayekagua peke yake huwa na haraka. Aliyesimamiwa na mzee wa klabu hana pa kukimbilia.

Kuna pia suala la masafa. Zamani, rimoti za ndege zilitumia masafa ya megahezi 35 huko Uingereza na 72 huko Marekani, na watu wawili wakiwasha chaneli moja, ndege ya mmoja wao ilianguka. Klabu zilikuwa na ubao wa vibanio: hakuna kibanio chenye namba ya chaneli yako, huwashi. Rimoti za sasa za gigahezi 2.4 zimeondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Lakini vifaa vya zamani havifi, hugeuka mitumba. Ukiuziwa rimoti yenye antena ndefu ya kuchomoa kwa bei ya kutupa, mwonyeshe mtu anayejua kabla hujaiwasha.

Mwalimu mwenye swichi

Tatizo kubwa la anayeanza liko kichwani mwake, na halitibiwi kwa ujasiri. Ndege ikienda mbali nawe, kulia kwako ni kulia kwake. Ikigeuka kukujia, kulia kwako kunakuwa kushoto kwake. Ukielezwa unaelewa mara moja. Vidole ndivyo vinavyochukua wiki kadhaa kuelewa. Ndiyo sababu ndege nyingi za watu wanaojifunza peke yao huisha kwenye kona ya kwanza ya kurudi, na kona hiyo aghalabu iko juu ya vichwa vya watu, kwa kuwa rubani amesimama katikati yao.

Klabu ina dawa yake. Rimoti mbili huunganishwa, moja mikononi mwa mwalimu na nyingine mwa mwanafunzi. Mwalimu akishikilia swichi, mwanafunzi anaendesha. Mambo yakianza kuharibika, mwalimu huachia swichi, na ndege inarudi mikononi mwake papo hapo. Mwanafunzi hujifunza kwa kukosea bila kuvunja kitu. Ndege inapomjia, hufundishwa kanuni moja fupi: sukuma kijiti upande wa bawa lililoinama. Nyumbani hufanya mazoezi kwenye kompyuta, kwa programu ya kuigiza urukaji, ambako kuanguka hakugharimu hata shilingi.

Mwalimu atamwambia pia ukweli kuhusu ndege ya kwanza. Kijana atataka ndege ya kivita, nyembamba, yenye rangi kali. Ya kumfaa ni ya povu, yenye bawa lililokaa juu ya mwili na ncha za bawa zilizoinuka kidogo, ambayo ukiachia vijiti hujirudisha sawa yenyewe. Haivutii dukani, lakini ikianguka huungwa kwa gundi na kuruka tena siku hiyohiyo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mradi koleo lenyewe liwe la kuungika.

Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Chama chao cha taifa, BMFA, ambacho mizizi yake inafika mwaka 1922, kina mtihani wa ngazi ya kwanza unaoitwa A. Mtahiniwa huanza na ukaguzi, kisha huruka, huchora namba nane angani, huzunguka uwanja kwa mstatili pande zote mbili, hutua vizuri, na hutua tena kama vile mota imezimika. Akimaliza huulizwa maswali ya usalama. Watahini wake ni wanachama wenyewe, wanaojitolea siku ya mapumziko. Mimi navutiwa na hilo la kutua bila mota. Kijana aliyetahiniwa hivyo amekwisha kufikiria ubaya kabla haujatokea. Je, ni wangapi kati ya wanaoendesha pikipiki barabarani kwetu waliowahi kufundishwa la kufanya breki zikikataa?

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Tunalitamka neno hilo msibani, tunalitamka polisi, tunalitamka hospitalini, na mara nyingi linatupumzisha na wajibu wa kuuliza nini kilitangulia. Katika mchezo huu ajali nyingi zina kinga, na kinga yenyewe ni ya bei rahisi: mstari uliochorwa kwa chokaa, mtu wa pili mwenye macho, kijiti kilichokaguliwa kabla ya kuruka. Anayeikataa kinga hiyo kisha akasingizia kudura ya Mungu amekosea mara mbili.

Anga lina wenyewe

Dar es Salaam, Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere umezungukwa na makazi ya watu. Nairobi, Uwanja wa Ndege wa Wilson uko ubavuni mwa Lang'ata, na ndege ndogo hushuka juu ya mapaa. Anayeishi huko anadhani anga la uani kwake ni lake. Si lake. Rubani anayeshuka na abiria hana namna ya kuiona ndege ya povu yenye upana wa mita moja mpaka iwe imeshachelewa.

Mifano ipo. Desemba 2018, taarifa za droni kuonekana karibu na uwanja wa Gatwick, kusini mwa London, zilivuruga safari zipatazo 1,000 na kuwakwamisha abiria wapatao 140,000 wiki ya kuelekea Krismasi. Septemba 2017, droni iliyorushwa mbali na upeo wa macho ya mwenyewe iligonga helikopta ya jeshi la Marekani karibu na Staten Island. Na Januari 2025, Los Angeles ikiwaka moto, droni ya mtu mmoja ilitoboa bawa la ndege ya Kanada iliyokuja kumwaga maji, na ndege hiyo ikabaki chini wakati nyumba zinateketea. Mtu mmoja na udadisi wake, na mitaa mizima ikapungukiwa na chombo cha kuizimia moto.

Kila tukio la namna hiyo hukaza sheria kwa wote, hata kwa yule mzee mpole wa klabu aliyerusha ndege yake ya mbao kwa miaka 40 bila kumgusa mtu. Marekani leo, ndege au droni ya burudani inayozidi gramu 250 husajiliwa kwa dola 5 zinazodumu miaka mitatu, mrushaji hupita mtihani mfupi wa bure, na katika anga la kawaida hapandi zaidi ya futi 400, kama mita 120. Serikali huko imekubali kutambua viwanja maalumu, vingi vyao vya klabu, ambako ndege huruka bila ule utambulisho wa redio unaotakiwa kwingineko. Hapo klabu imepata kitu ambacho mtu mmoja asingekipata kwa barua mia: kuaminiwa.

Kwetu, Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Kenya ina zake za mwaka 2020 chini ya KCAA. Chombo husajiliwa, na ruhusa huombwa kabla ya kuruka. Tanzania, Wizara ya Ulinzi nayo inahusika. Usijifariji kwamba ndege ya mabawa si droni na kwa hiyo haikuhusu. Uliza kwanza, kwa maandishi. Kuuliza si ujinga, na askari akikukuta uwanjani, jibu la mamlaka lililopigwa muhuri litakusaidia kuliko maelezo marefu.

Halafu jirani. Ndege ikitua kwenye kioo cha gari lake, au ikampasua mtoto wake paji la uso, nani analipa? Marekani, uanachama wa chama cha taifa cha mchezo huu, AMA, kilichoanzishwa mwaka 1936, unakuja na bima ya madhara kwa wengine inayofika dola milioni 2.5. Uingereza vilevile, bima ni sehemu ya ada ya BMFA. Kwetu kesi huanza kwa mjumbe, ikaishia polisi, na familia mbili zilizokopeshana chumvi kwa miaka zikaacha kusalimiana. Mtu mmoja akienda kampuni ya bima kuomba kulindwa kwa ajili ya ndege ya povu hatasikilizwa. Watu 20 wenye katiba, uwanja na kanuni zilizoandikwa watasikilizwa.

Faida ya kulelewa na wengi

Wapo watakaosema: yote haya kwa ajili ya mchezo? Ndiyo, kwa sababu mchezo huu hauishii kwenye mchezo. Mwaka 1937 huko Kalamazoo, jimbo la Michigan, ndugu wawili, Walter na William Good, walirusha ndege waliyoipa jina Guff, iliyotawaliwa kwa redio wakati ambapo redio ya sebuleni ilikuwa bado ni sanduku la mbao la kujivunia. Leo ndege hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Neil Armstrong alikuwa mtoto wa kuunda ndege ndogo kabla hajakanyaga mwezi.

Anayenigusa zaidi ni Maynard Hill. Agosti 2003, akiwa na umri wa miaka 77, macho yakiwa karibu yamezimika na masikio yamepungua, ndege yake ya rimoti iliondoka Cape Spear, Newfoundland, ikavuka Bahari ya Atlantiki na kutua magharibi mwa Ireland baada ya saa 38 na dakika 52. Ilisafiri takriban kilomita 3,030. Ilikuwa na uzito usiozidi kilo 5 pamoja na mafuta yake yote. Majaribio yaliyotangulia yalikuwa yameshindwa, ndege moja baada ya nyingine zikipotelea baharini. Mzee asiyeona vizuri aliwezaje? Aliunda kwa vidole vyake, na wenzake wakawa macho yake: wengine Kanada wakaiongoza ilipopaa, wengine Ireland wakaipokea, na mmoja wao akaitua. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono mmoja haukuvusha ndege ile.

Turudi kwetu. Kuanzia mwaka 2016, katika mradi wa kuchora ramani ya Zanzibar, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, walirusha ndege ndogo za povu juu ya Unguja na Pemba, za kurushwa kwa mkono, zikapiga picha mji kwa mji na shamba kwa shamba. Mwaka huohuo, Muhanga nchini Rwanda, ndege zisizo na rubani zilianza kupeleka damu hospitalini na kuidondosha kwa mwavuli. Ukiangalia umbo la vyombo hivyo, bawa, mota, betri, utayaona yaleyale yanayokaguliwa Jumamosi uwanjani kwa klabu. Kijana anayejua kwa nini uzito ukae robo ya bawa amekwisha kuanza kusoma fizikia ya kazi hizo, naye anadhani anacheza. Na nidhamu aliyoipata, ya kutoruka siku ambayo jaribio moja limekataa, mwajiri hawezi kuinunua sokoni.

Nina imani kubwa na vijana wetu katika jambo hili. Mtoto wa hapa huunda gari kwa waya na malapa, hutengeneza tiara kwa njiti na nailoni ikapanda kuliko ya dukani. Mikono anayo. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kusimama naye mwaka wa kwanza.

Pa kuanzia

Gharama isiwatishe wazazi. Ndege ya mwanafunzi na rimoti yake ni pesa nzito kwa nyumba moja, laki kadhaa za Tanzania, lakini klabu ya vijana kumi inaweza kuanza na ndege moja ya povu, rimoti mbili za kuunganishwa, betri chache na chaja moja nzuri inayobaki kwa mlezi. Vipuri hununuliwa kwa mchango. Hapo hata betri hazilali chini ya kitanda cha mtoto yeyote.

Uwanja ni kazi zaidi. Uwe mpana, usiwe na nyaya za umeme wala barabara karibu, uwe mbali na viwanja vya ndege, na jua la asubuhi liwe mgongoni mwa marubani, kwa sababu ndege ikipita mbele ya jua hupotea machoni. Ukanda wa pwani, saa moja hadi saa tatu asubuhi ndio wakati wenyewe, kabla upepo wa bahari haujashika nguvu. Shule za sekondari za nje kidogo ya mji zina viwanja vinavyokaa bure Jumamosi asubuhi, na zina walimu wa fizikia wanaotafuta kitu cha kuwaonyesha wanafunzi mbali na ubao. Nadhani hapo ndipo klabu zetu za kwanza zingezaliwa, shuleni, kwa kushirikiana na wazazi na yeyote mtaani mwenye ujuzi: fundi wa redio, rubani mstaafu, mhandisi wa uwanja wa ndege aliye likizoni.

Barua ya kwanza iandikwe kwa mkuu wa shule, nakala kwa serikali ya mtaa. Itaje siku na saa za kuruka, jina la mtu mzima atakayekuwepo kila mara, mchoro wa uwanja unaoonyesha mstari wa marubani na mahali pa watazamaji, na sentensi moja kwamba hakuna kitakachoruka mpaka mamlaka ya usafiri wa anga iwe imejibu. Barua ya pili, yenye mchoro uleule, iende TCAA au KCAA. Wakati majibu yanasubiriwa, vijana waanze na kompyuta na gundi.